Siku Nilipomtoa Nahodha Salimu

Kijijini Moa, kule pwani, sipiti kichwa wazi. Nikiwa na shughuli ya lazima huvaa kofia nikaishusha mpaka kwenye nyusi, na bado haisaidii, kwa sababu pale kijiweni kwa bodaboda yupo mtu mmoja ambaye hata ukinifunika gunia atanijua kwa mwendo, naye akishanijua hupaza sauti, "Kocha! Leo mko wangapi?" na kijiwe kizima hucheka, mpaka waliohamia juzi ambao siku ile hawakuwapo. Nimeshakubali. Aibu ile imekuwa mali ya kijiji, kila mtu ana namna yake ya kuisimulia, na mimi ndiye pekee ambaye sijawahi kuisimulia kwa mdomo wangu. Basi leo nasimulia mwenyewe, angalau mpate kusikia na upande wangu (ambao, mtaona, si mzuri sana).

Naitwa Mhina. Kwa kazi nilikuwa mtunza stoo kwenye shamba la chai kule juu Amani, na kwa mapenzi nilikuwa kocha wa timu ya shamba, Majani Mabichi, ambayo kabla yangu ilikuwa inafungwa na kila aliyejaaliwa miguu miwili, na baada ya kunipata ikawa haifungwi. Sitii chumvi. Tulichukua kombe la tarafa, tukalichukua tena, ikafika mahali timu za Muheza zikisikia zinapanda kwetu wachezaji wao wanaanza kuumwa matumbo. Watu wakawa wananiuliza siri. Mimi nawaambia siri ni moja tu, nidhamu, na nikilitamka neno hilo nashusha sauti kama mtu anayemtajia mwenzake jina la dawa.

Nidhamu yangu ilikuwa hivi: mchezaji asiyekimbia anatoka, hata awe nani. Kuna siku nilimtoa mshambuliaji wetu bora huku tunaongoza, na kosa lake lilikuwa kusimama kufunga kamba za kiatu kwa madaha. Alikuja akakaa benchi kimya, mikono katikati ya magoti, kama mtoto aliyevunja sahani, na wenzake waliobaki wakakimbia mpaka refa anapuliza kipenga cha mwisho bado wanakimbia. Nikaona nimepata elimu. Pembeni yangu kwenye benchi lile, kila mechi, alikuwa anakaa Mzee Singano, mnyapara wa shamba, yule anayewapanga wachumaji asubuhi nani aende mlima upi, mtu wa maneno machache, koti la mvua mwilini hata siku ya jua. Mimi nilidhani anakuja kuangalia mpira.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Moa, Bi Mwanahamisi, aliyekuwa akipanda Amani na samaki wakavu siku za gulio, na ndiye mwenyekiti wa timu ya kwao, Kolekole. Alituona tukishinda, akatuona tena, siku ya tatu akanifuata stoo. "Mwanangu," akasema, "sisi miguu tunayo, pumzi tunayo, baharini huko mtu hapati pumzi kwa mkopo. Tunakosa mtu wa kutupa akili." Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshakubali. Akaniambia wazee wa kijiji wanasitasita, wanasema timu ya Moa ifundishwe na mtu wa Moa, lakini yeye atasimama nao. Akasimama nao kweli. Aliiweka rehani heshima yake yote kwa ajili yangu, na hilo naomba mlishike, maana ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hata ile kuchekwa.

Siku ya kuagwa shambani nilitoa hotuba. Nikasema timu nimeshaijenga, itasimama hata bila mimi, nikanyamaza kidogo ili watu wapate nafasi ya kusema haiwezekani. Hakuna aliyesema. Mzee Singano akanishika mkono akaniambia, "Haya nenda. Ila kule chini watu hawapangwi asubuhi." Nikamjibu ndiyo mzee, moyoni nikasema wivu huo.

Nikashuka. Kolekole niliyoikuta, kwa kweli, ilikuwa ni chombo kimoja cha kuvulia kilichovalishwa jezi. Zaidi ya nusu ya wachezaji walikuwa mabaharia wa chombo hicho, na kwenye benchi nako karibu wote ni walewale. Waliobaki walikuwa watu wa nchi kavu: golini Ustadhi Jumaa wa madrasa, winga fundi Kassimu mshona nguo (ambaye ndiye kapteni wa timu, kwa sababu ndiye anayeshona namba kwenye jezi), Chande wa bodaboda, na muuza duka mmoja mnene anayecheza beki kwa kusimama tu mahali ambapo mpira unataka kupita. Na katikati ya uwanja, namba sita mgongoni, alikuwa mwenye chombo chake, Nahodha Salimu.

Nahodha Salimu alikuwa mtu wa makamo, mpana wa kifua, mpole wa maneno, na kosa lake ni moja: alikuwa hakimbii. Simaanishi kwamba alikuwa mzito. Namaanisha alikuwa hakimbii. Mpira unakwenda huku na huku yeye anatembea, mkono mmoja kiunoni, mkono mwingine unaonyesha, na mdomoni anatoa maneno mafupi yaleyale anayoyatoa baharini wakati wa kuvuta nyavu, "Legeza... legeza... kushoto... vuta!" na vijana wake wanalegea, wanakwenda kushoto, wanavuta, na kwa namna ambayo sikuielewa mpira unakuwa wetu. Tukawa tunashinda. Tulishinda mechi ya kwanza ya kombe la wilaya, tukashinda iliyofuata, na mimi nikawa napokea pongezi barabarani huku nikisema bado, bado, kuna mtu mmoja pale kati ananiharibia, nikishamweka sawa ndipo mtaona mpira.

Mazoezi nayo yalikuwa yananikera. Nikisema saa kumi jioni, saa kumi nipo na ustadhi, fundi na muuza duka, tunatazamana. Mabaharia wanakuja maji yakiwaruhusu. Nilimlalamikia Bi Mwanahamisi, akanitazama kwa huruma, akasema, "Sasa kocha, si umwambie mwezi." Nikaona ni mzaha, nikacheka. Kumbe alikuwa ananijibu.

Tukafika nusu fainali. Wapinzani wetu ni timu ya shamba moja la mkonge, vijana warefu, miguu imekauka kama mikonge yenyewe, na atakayeshinda anakwenda kucheza fainali Tanga mjini, uwanja wenye majukwaa na nyasi. Moa haijawahi kufika huko. Niseme pia kwamba siku zile samaki walikuwa wengi, kila chombo kilichotoka kilirudi kimelala kwa uzito, na mabaharia wa Nahodha Salimu wakakiacha chao nchi kavu kwa ajili ya mechi ile, jambo ambalo wake zao hawakulipenda hata kidogo. Kijiji kizima kilikuja uwanja wa shule. Bi Mwanahamisi alifunga kanga mpya, akakaa nyuma ya benchi langu, na wale wazee waliokuwa wakisitasita wakakaa nyuma yake yeye, wanangoja kuona.

Mimi nilivaa suti. Ndiyo, cheka. Suti nyeusi ya harusi ya shemeji yangu, tai nyekundu, kiatu cha ncha, jua la Moa la saa kumi, mchanga. Nilikuwa nimewaona makocha kwenye televisheni wanavyosimama mstarini, mkono mmoja mfukoni, nikasema na sisi huku kwanini tusiheshimiwe.

Kulikuwa na mtangazaji pia, na kipaza sauti kinachokula betri ya pikipiki. Naomba msimsahau huyo.

Kipindi cha kwanza tulipata kona, fundi Kassimu akapiga, baharia mmoja mrefu akatia kichwa, bao. Uwanja ulilia. Mapumziko nikawakusanya, na badala ya kusema ahsanteni endeleeni vivyo hivyo, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angesema, nikamgeukia namba sita. Nikasema, "Nahodha, kipindi cha pili naomba ukimbie."

Akanitazama, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kweli kujua. "Nikimbie niende wapi, kocha?"

Wote wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, hata yeye mwenyewe alicheka, ustadhi alicheka mpaka akashika mlingoti wa goli. Mimi peke yangu sikucheka, na hapo ndipo pa kuandika kwamba mkasa umeanza, kwa sababu nilirudi mstarini nimejaa, nikawa siangalii tena mpira, naangalia miguu ya mtu mmoja.

Miguu ile ilitembea. Ilitembea dakika kadhaa, nikavumilia. Kisha mpira ukatoka nje karibu yake, na yeye, badala ya kuukimbilia, akamwambia kijana wa timu pinzani, "Tafadhali mwanangu, niletee," na kijana akamletea. Nikasema basi, yale ya Amani na hapa yatafanyika. Nikachukua kipande cha boksi nilichokiandika namba sita usiku wa jana yake (maana yake nilikuwa nimeshaamua tangu jana, tuseme ukweli) nikakiinua juu.

Bi Mwanahamisi akanishika mkono wa koti. "Kocha, wafanya nini? Si twaongoza?"

"Nidhamu, mama."

"Nidhamu gani? Nahodha yule!"

"Kwangu hakuna nahodha," nikasema, na nikasema kwa sauti, ili wazee nyuma wasikie. Walisikia.

Nahodha Salimu alikiona kile kiboksi. Akajionyesha kifuani kwa kidole, "Mimi?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, wewe. "Haya," akasema. Akampa refa mkono, akampa mkono kijana wa mkonge aliyemletea mpira, akaja akanipa mkono na mimi, akasema ahsante kocha, akapita benchi bila kukaa, akaenda zake bombani nyuma ya madarasa kunawa miguu. Nikamwingiza Mwalimu Daudi wa shule ya msingi, ambaye alikuwa na mbio nyingi sana zisizo na anuani. Nikatia mkono mfukoni kama wale wa kwenye televisheni, nikasubiri kuona wenzake wanavyokimbia.

Walitoka.

Alianza yule mrefu aliyefunga bao. Alikuwa karibu na mstari, akamwona nahodha amepita, akavua jezi kichwani akaiweka begani, akatoka. Nikadhani ameumia. Akafuata beki wa kushoto. Akafuata wa kulia, anakuna mgongo, hana haraka. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenitazama hata, walikuwa wanatoka kama watu waliomaliza kazi. Na kipaza sauti nacho, kwa sababu mtangazaji alikuwa mtu wa kazi yake, kikaanza: "Kolekole wanafanya mabadiliko, anatoka namba sita... anatoka na namba tisa... namba tatu naye... jamani, kocha anabadilisha timu nzima! Hii ni mbinu mpya!"

Nikapiga kelele, "Rudini! Atakayetoka leo hachezi tena!" Maneno hayohayo kule juu yalikuwa yanasimamisha watu kama nguzo. Pale hayakumsimamisha mtu. Nikamkimbilia wa mwisho, nikamkamata jezi kwa nyuma, akanyoosha mikono juu kwa adabu kabisa, jezi ikatoka ikabaki mkononi mwangu, yeye akaenda. Nikageuka benchi kutafuta wa kuingiza, benchi tupu, nao wameshafika bombani.

Refa akaja. Alikuwa mtu wa Maramba, mtaratibu, na nadhani alikuwa anajizuia kitu usoni. "Kocha, mko watano. Kanuni inataka saba. Pungufu ya hapo navunja mechi, ushindi wanachukua wenzenu."

"Nipe dakika," nikamwambia.

"Walioandikishwa ni nani wengine?"

Hapo Bi Mwanahamisi akajibu kutoka nyuma, kwa sauti ambayo haikuwa na uhai: "Mzee Kombo wa ndoo, na huyo kocha mwenyewe." Kumbe alikuwa ametuandikisha wote wawili tangu mwanzo, ili siku za mechi tupate chakula cha wachezaji.

Basi Mzee Kombo, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba ndoo ya maji na kitambaa cha kuwakanda walioumia, akaiweka ndoo chini polepole, akauliza, "Nicheze wapi?" Nikamwambia popote. Na mimi nikavua koti, nikavua tai (fundo lilikaza, nikaivuta kichwani, sikio nusura litoke nalo), nikavua kiatu cha ncha, nikakunja suruali ya shemeji mpaka magotini, nikaivaa ile jezi iliyobaki mkononi mwangu, imelowa jasho la mwenyewe, nikaingia uwanjani. Kipaza sauti kikasema, "Anaingia... subirini... anaingia kocha." Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena maishani, na sina hamu nacho.

Nataka niwe mkweli kuhusu mpira wenyewe. Vijana wa mkonge mwanzoni walituonea huruma, wakawa wanapigiana pasi tu. Halafu kocha wao akawakumbusha Tanga mjini, wakaja. Wakasawazisha wakati mimi bado namwelekeza Mzee Kombo upande tunaoshambulia. Kisha mpira ukarushwa mbele ya lango letu, ukaanguka miguuni kwangu, na nyuma yangu nikamsikia muuza duka akisema, "Piga mbali, kocha!" neno ambalo mimi ndiye niliyewafundisha. Nikapiga mbali. Nikaupata kwa ugoko, ukapaa vizuri ajabu, ukapita juu ya mkono wa Ustadhi Jumaa, ukaingia.

Ustadhi akabaki ananitazama. "Subhanallah," akasema taratibu. "Kocha, hili letu."

"Bao limefungwa," kikasema kipaza sauti, "na kocha wa Kolekole, na ni bao zuri."

Nikaona sasa njia ni moja tu, nikomboe. Nikaukimbilia mpira wa kuanzia, nikakimbia kweli, mbio zile nilizokuwa namdai Nahodha Salimu nikazikimbia mimi, na nilipofika katikati ya uwanja msuli wa paja ukakaza kwa mkupuo, nikaenda chini kama mzigo unaotupwa kutoka juu ya lori. Nikaita mwenye ndoo. Mwenye ndoo alikuwa anacheza winga ya kushoto. Akaja, lakini ndoo aliiacha nje, akarudi kuifuata, refa akamwambia hawezi kutoka bila ruhusa, wakaanza kubishana, na mimi nimelala mchangani na suruali ya harusi.

Waliokuja kunibeba ni wale mabaharia. Walikuwa wameshanawa, wamekaa pembeni ya uwanja wanakula mihogo ya kukaanga, wameona mtu ameanguka wakaja mbio (hapo walikimbia). Wakaninyanyua kwa pamoja, wanahesabu kama wanaponyanyua chombo, na aliyeshika bega langu la kulia alikuwa Nahodha Salimu. Akaniinamia akasema, kwa upole uleule, "Pole kocha. Naona na wewe umeshuka."

Nilipovushwa mstari refa akahesabu. Sita. Akapuliza. Kipaza sauti kikasema mpira umekwisha kwa sababu kocha amekwisha, kisha, Mungu ana huruma, betri ikafa.

Watu waliondoka wakicheka, isipokuwa wazee. Wazee waliondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alipompita Bi Mwanahamisi alimwambia tu, "Haya mama." Nilikuwa nimelazwa kwenye benchi, nimeona yote. Yeye alibaki amekaa na kanga yake mpya. Nilitaka anitukane. Akasema, "Kocha, mimi nilisimama nikawaambia najua nifanyacho." Niliona haya mpaka nikatamani msuli uendelee kuuma ili nipate kitu kingine cha kufikiria.

Kesho yake asubuhi nikajikokota mpaka kwa Nahodha Salimu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba mgomo si uungwana, kwamba angekuwa na neno na mimi angeniambia faragha. Nilimkuta barazani anashona nyavu, na yule mrefu mfunga bao yupo naye. Tukasalimiana, nikaletewa chai, nikaanza.

"Mgomo?" akasema Nahodha. Akamtazama mwenzake. "Kocha, uliniambia nitoke, nikatoka. Kosa langu liko wapi?"

"Wewe hukukosa. Wao je? Kwanini walitoka?"

Yule mrefu ndiye aliyenijibu, na alijibu kama anayemweleza mgeni njia ya msikitini. "Sub twaijua, kocha. Kila siku mmoja wetu atolewa, sisi twabaki. Lakini huyu ni nahodha. Nahodha akishuka, safari imekwisha, watu wanawe miguu, waende majumbani. Hatukai chomboni bila yeye. Sasa tungebaki pale twafanya nini?"

"Lakini ule ulikuwa mpira, si chombo!"

"Wallahi, kocha, baada ya kufika bombani ndipo mmoja akauliza, jamani, kwani mpira umekwisha? Tukakutazama, umeshavaa jezi. Tukaona labda una mpango wako."

Hawakugoma. Laiti wangegoma, ningekuwa na watu wa kuwakasirikia. Walifanya kazi yao kama wanavyoifanya kila siku ya Mungu, na mimi niliyeletwa kuwapa akili nilikuwa sijui hata ni kitu gani kilichowafunga pamoja, nikakifungua mwenyewe kwa kipande cha boksi.

Nikarudi Amani kukusanya vitu vyangu. Ilikuwa siku ya mechi, Majani Mabichi wako uwanjani, ukungu umeshuka, Mzee Singano yupo kwenye benchi lilelile na koti lake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea nafasi. Tulikuwa tunaongoza. Nasema tulikuwa, mazoea tu. Nikamuuliza kocha mpya ni nani, mbona simwoni.

"Hatujapata bado," akasema. "Tunaendelea tu."

Mara mshambuliaji wetu, yule wa kamba za kiatu, akaanza kutembea. Mzee Singano akakohoa. Alikohoa tu, na yule kijana kutoka ng'ambo ya uwanja akashtuka akaanza kukimbia. Nikakaa pale nikiwa nimeshika kikombe cha chai ninajihesabia mwenyewe vikombe vya tarafa, kimoja kimoja, nikiviondoa kwangu na kuviweka kwake. Watu walikuwa wanakaa benchi kimya kwa sababu kesho asubuhi mnyapara atawapanga, na mlima wa mbali wenye ruba anaujua. Mimi nilikuwa ninainua kiboksi tu. Iliniuma, sitaki kudanganya, iliniuma kuliko bao nililojifunga.

Kwa hiyo siku hizi nikiwakuta watu vibandani wanabishana kwanini kocha fulani alitisha kwenye klabu ile na huku alikohamia anafungwa kila wiki, huyu anasema mbinu zimepitwa na wakati, yule anasema hakupewa wachezaji anaowataka, mimi nakunywa kahawa yangu kimya. Moyoni nauliza tu kule alikotoka ni nani aliyekuwa anakaa pembeni yake kwenye benchi.

Sasa naishi Muheza, na nimeshikwa tena, mpira ni ugonjwa. Nafundisha timu ya wafanyabiashara wa machungwa pale mjini, watu wa vitambi na makelele. Nimeapa jambo moja na ninaliweka. Jumapili iliyopita dalali mmoja mkubwa wa sokoni, beki wetu wa kati, alikuwa anacheza vibaya mpaka mashabiki wanamzomea. Kiboksi nilikuwa nacho. Sikukiinua. Nilitembea mpaka mstarini, nikamwita, nikamuuliza mbele ya watu wote, "Bwana, ukitoka wewe, anatoka na nani mwingine?"

Akashangaa. "Peke yangu, kocha. Kwani vipi?"

"Una uhakika?"

"Na nani atanifuata mimi, nimefungisha mabao mawili?"

Nikamtoa. Akaja akakaa. Nikawa nimesimama pale nawahesabu waliobaki, narudia kuwahesabu, hata bao la tatu lilipoingia mimi sikuliona. Tulifungwa vibaya, lakini tulimaliza tukiwa kumi na mmoja.